Askofu Steere na Watoto wa Kiungani

1. Njia ya Kilwa

Ndugu msomaji, kama unakaa Kilwa, Lindi au katika vijiji vya bara yake, bila shaka umesikia habari za biashara ya watumwa. Labda uliambiwa na bibi yako, naye aliambiwa na bibi yake.

Zamani njia kubwa ya watumwa ilianza upande wa Ziwa Nyasa. Ilipita katika nchi ya Wayao, ikateremka mpaka pwani, ikaishia Kilwa Kivinje. Hapo majahazi yalikuwa yakingoja. Katika miaka ya 1860, zaidi ya watu 10,000 walipitishwa Kilwa kila mwaka na kupelekwa Unguja. Huko Unguja waliuzwa sokoni kama mbuzi. Wengine walibaki kulima mashamba ya mikarafuu. Wengine walivushwa bahari kwenda Arabuni.

Wengi katika watu hao walikuwa watoto. Mtu mzima hupigana au hutoroka. Mtoto hulia tu, kisha hunyamaza. Akitembezwa miezi miwili au mitatu, hajui tena njia ya kwao. Akikaa ugenini miaka michache, husahau hata jina la kijiji chake.

Sasa fikiri jambo hili. Ukimkuta mtoto wa namna hiyo, ukamwambia kwamba yu huru, utampeleka wapi? Kwao hakujui. Wazazi wake huenda wameuawa. Ukimwacha njiani, jioni mtu mwingine atamkamata na kumuuza tena. Kumfungua kamba ni kazi ya siku moja. Kumpa mahali pa kukaa na kukua ni kazi ya miaka mingi.

Katika masomo haya utasoma habari za mtu aliyefanya kazi hiyo ya miaka mingi. Jina lake ni Edward Steere.

2. Mwanasheria anakuwa padri

Edward Steere alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1828. Alisoma sheria katika chuo kikuu, akafaulu vizuri. Angeweza kukaa mjini na kupata fedha kwa kazi ya uwakili. Lakini moyo wake haukuipenda kazi hiyo. Akaiacha, akawa padri wa Kanisa la Kiingereza, yaani Anglikana. Alioa, akapewa parokia ndogo ya wakulima.

Wakati huo Waingereza walikuwa wamesikia habari za Afrika kutoka kwa msafiri David Livingstone. Mwaka 1857 Livingstone aliwaeleza watu wa vyuo vikuu vya Uingereza jinsi biashara ya watumwa ilivyoharibu nchi. Vyuo vile vilianzisha misheni, nayo ikaitwa Misheni ya Vyuo Vikuu. Wamisheni wa kwanza walikwenda upande wa Mto Shire, kusini ya Ziwa Nyasa. Kazi haikuenda vizuri. Palikuwa na vita, njaa na homa. Askofu wao, Mackenzie, alikufa mwaka 1862.

Askofu wa pili aliitwa Tozer. Huyu alikuwa rafiki wa Steere. Steere alikubali kumsindikiza, akidhani atakaa Afrika muda mfupi tu. Mkewe alibaki Uingereza. Lakini muda mfupi ule uligeuka ukawa karibu miaka 20. Afrika ikawa kazi ya maisha yake.

Tozer aliona kwamba misheni haiwezi kuishi kule Shire. Aliamua kuanza upya Unguja. Yeye na Steere walifika Unguja mwezi wa Agosti, mwaka 1864.

3. Watoto watano

Unguja ilitawaliwa na Sultani Majid. Wakati ule biashara ya watumwa ilikuwa bado halali kati ya Kilwa na Unguja, nayo ilileta ushuru mwingi katika hazina ya Sultani. Lakini majahazi mengine yalisafirisha watumwa kwa siri, kinyume cha amri. Yakikamatwa, watumwa walitolewa.

Wageni wale hawakukaa siku nyingi kabla Sultani hajawapa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la namna hiyo. Watoto walikuwa wamekonda, nao waliogopa sana. Hawakujua kama wamepata ulezi au wamepata bwana mwingine. Hawakuelewa neno lolote la wageni wale, na wageni hawakuelewa neno lao.

Makao ya watoto yalianza na wale watano. Hapakuwa na jengo maalumu, wala vitabu, wala walimu wa kutosha. Palikuwa na chakula, mkeka, na watu waliokubali kuwalea.

Baadaye watoto wengine waliletwa. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikiwinda majahazi ya watumwa baharini, na baadhi ya watoto waliookolewa walikabidhiwa misheni. Misheni ilinunua shamba mahali paitwapo Kiungani, kusini ya mji wa Unguja. Hapo wavulana walijengewa makao na shule. Mwaka 1871 lilinunuliwa shamba jingine, Mbweni. Mbweni palikuwa na makao ya wasichana, na pia viwanja vya watu wazima walioachwa huru, ili wajenge na kulima.

Usifikiri maisha ya Kiungani yalikuwa rahisi. Wengi wa watoto waliletwa wakiwa wagonjwa. Mwaka 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu na minazi na kuharibu majengo mengi, hata ya Kiungani. Wazungu wengine wa misheni walikufa, na wengine walirudi kwao wakiwa wagonjwa. Tozer mwenyewe aliugua, akajiuzulu mwaka 1873. Mwaka 1874 Steere alifanywa askofu badala yake.

4. Lugha ya kuwaunganisha

Sasa tazama shida iliyokuwapo pale Kiungani. Mtoto mmoja alikuwa Myao. Mwingine alikuwa Mmakua. Mwingine alikuwa Mnyasa. Wamelala katika chumba kimoja, lakini kila mmoja alisema lugha yake. Watawezaje kufundishwa pamoja? Watawezaje hata kucheza pamoja?

Wangeweza kufundishwa kwa Kiingereza tu, lakini Steere alikataa njia hiyo. Aliona kwamba lugha inayoeleweka mjini, bandarini na katika njia za misafara ni Kiswahili. Mtoto akikijua vizuri Kiswahili, ataweza kusema na watu wa Unguja, wa Kilwa, wa Lindi, na wa mbali zaidi.

Basi yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi kwanza. Alikwenda kwa walimu Waislamu wa mjini, watu waliokijua Kiswahili safi. Aliwasikiliza, akauliza, akaandika. Alisikiliza pia hadithi zilizosimuliwa na watu wa mjini, kama ile ya paa na Sultani Darai, akaziandika kama zilivyosemwa. Mwaka 1870 alitoa vitabu viwili. Kimoja kilikuwa cha kufundisha Kiswahili, na cha pili kilikuwa cha hadithi za Kiswahili.

Steere siye aliyeanza kuandika Kiswahili, na tusimpe sifa isiyo yake. Watu wa pwani walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu zamani. Tena Mjerumani aitwaye Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa ameandika Kiswahili kwa herufi za Kizungu kabla ya Steere. Lakini Krapf alifuata Kiswahili cha Mombasa. Steere alifuata Kiswahili cha Unguja, yaani Kiunguja, na kazi yake ilienea sana.

5. Mikono ya watoto yapiga chapa

Misheni ilikuwa na mtambo wa kupiga chapa. Steere aliupenda mtambo huo, akajifunza kuutumia kwa mikono yake. Kisha akawafundisha wavulana.

Je, unajua kazi hiyo ilifanywaje zamani? Kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha madini. Mpiga chapa aliokota herufi moja moja, akazipanga mstari kwa mstari, huku akizisoma kinyume. Akakaza ukurasa wote, akaupaka wino, akaweka karatasi na kuikandamiza. Akikosea herufi moja, neno lote liliharibika.

Kazi hii ilifanywa na watoto ambao miaka michache nyuma walikuwa wamefungwa kamba shingoni. Walipiga chapa vitabu vya kujifunza kusoma, vitabu vya sala, na sehemu za Biblia ambazo Steere alizitafsiri. Unguja palitolewa pia vitabu vidogo vya lugha za bara. Mwaka 1876 kilitolewa kitabu kidogo cha maneno ya Kimakonde.

Watoto wengine walijifunza useremala, uashi na kilimo. Waliojaliwa zaidi darasani walifundishwa kazi ya ualimu.

Baadaye walimu waliwaomba wavulana wa Kiungani waandike habari za maisha yao wenyewe: jinsi walivyotekwa, jinsi walivyotembezwa, jinsi walivyouzwa. Habari hizo zilikusanywa na mwalimu Madan, zikatolewa Uingereza kwa Kiingereza mwaka 1887. Wafanyabiashara walikuwa wameandika idadi ya watumwa katika madaftari yao ya hesabu. Sasa watumwa wenyewe walikuwa wameandika habari zao. Mtu akijua kuandika, habari zake hazisemwi na wengine tu.

6. Soko linafungwa

Mwezi wa Juni, mwaka 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza. Kusafirisha watumwa baharini kulikatazwa, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Misheni ilipata uwanja wa soko lile, pale Mkunazini. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa pale. Steere alisimamia ujenzi mwenyewe kwa miaka kadhaa. Kanisa hilo limesimama mpaka leo.

Lakini mkataba haukumaliza uovu kwa siku moja. Wafanyabiashara wa Kilwa walipozuiwa baharini, waliwapitisha watumwa kwa miguu, wakifuata pwani kuelekea kaskazini. Mwaka 1876 Sultani alikataza njia hiyo pia. Hata hivyo utumwa wenyewe haukuondolewa. Unguja ulifutwa kisheria mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Kwa hiyo watoto waliendelea kuletwa Kiungani na Mbweni miaka mingi baada ya soko kufungwa.

7. Kutoka Lindi kurudi bara

Wakati huo watoto wa kwanza walikuwa wamekua. Wengine walikuwa wameoa na kuolewa. Pale Mbweni palikuwa na watu wazima wengi walioachwa huru, na ardhi haikuwatosha. Swali la mwanzo likarudi tena: nyumbani kwao ni wapi?

Steere hakutaka wakae Unguja siku zote kama wageni wa misheni. Aliona kwamba watu waliotolewa bara kwa nguvu warudi bara kwa hiari. Mwaka 1875 alishuka Lindi, akatembea kwa miguu mpaka kwa Mataka, mtawala mkubwa wa Wayao, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Alitaka kuijua njia na kuomba urafiki.

Mwezi wa Oktoba, mwaka 1876, alirudi Lindi. Safari hii alikuja na zaidi ya watu 50 walioachwa huru, wanaume na wanawake. Walishusha mizigo yao: majembe, mbegu, vyombo vya nyumbani. Kisha wakaanza kupanda bara.

Fikiri jinsi watu wale walivyojisikia. Wengi wao walikuwa wamepita nchi ya kusini wakiwa watoto, wakielekea baharini, wamefungwa. Sasa walikuwa wanaipa bahari mgongo, tena wako huru, kila mmoja na mzigo wake mwenyewe.

Nia ilikuwa kwenda mbali zaidi, kuelekea Ziwa Nyasa. Walitembea zaidi ya kilomita 100, wakafika mahali penye milima ya mawe, ardhi nzuri na watu waliowapokea. Mahali hapo ni Masasi. Wakaona kwamba panawafaa. Steere alikubali. Wakagawana viwanja, wakajenga nyumba, wakalima. Steere akarudi pwani, na wamisheni wengine wakabaki nao.

Basi kijiji kile cha misheni kilianzishwa na watu waliokuwa watumwa. Hawakupewa kijiji kilicho tayari. Walikijenga kwa majembe yao wenyewe.

8. Mwaka wa msiba

Steere alifanya kazi bila kupumzika. Alitafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili. Alisimamia kanisa, shule, chapa na makao ya watoto. Afya yake ilipungua. Alikwenda Uingereza, akarudi Unguja, na tarehe 27 Agosti, 1882, alifariki. Alikuwa na umri wa miaka 54. Alizikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa la Mkunazini, katika uwanja ambao zamani watu waliuzwa.

Mwezi uliofuata, Masasi ilivamiwa na Wangoni kutoka upande wa Songea. Watu wa pwani waliwaita Magwangwara. Nyumba zilichomwa moto. Watu kadhaa waliuawa, na wengine walichukuliwa mateka. Hebu fikiri: mtu ameibwa akiwa mtoto, ameokolewa, amerudi bara, amejenga, kisha anatekwa mara ya pili! Mmisheni aitwaye Porter alikwenda mpaka Ungoni kuwaombea mateka waachwe, na baadhi yao walikombolewa. Wengine hawakurudi tena.

Kituo kilihamishiwa Newala kwa muda. Lakini Masasi haikufa. Watu walirudi wakajenga tena. Wakati wa Vita ya Maji Maji, mwaka 1905, misheni ya Masasi ilichomwa tena, ikajengwa tena.

9. Watoto wanakuwa walimu

Steere alikufa kabla ya kuona matunda yote ya kazi yake. Tutazame habari za wawili tu kati ya watoto wale.

Wa kwanza ni John Swedi. Huyu alikuwa miongoni mwa watoto wa kwanza waliopokewa Unguja. Alikua, akasoma, akawa mwalimu. Mwaka 1879 Steere alimpa ushemasi. Alifanya kazi Masasi pamoja na watu walioachwa huru kama yeye.

Wa pili ni Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, naye alitekwa akiwa mtoto. Alilelewa Kiungani, akapelekwa kusoma Uingereza kwa muda. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, karibu na Newala, kwa jumbe wa Kiyao aitwaye Nakaam. Mwaka 1890 alikuwa Mwafrika wa kwanza katika misheni ile kupata upadri. Alifundisha Chitangali miaka mingi, mbali na Wazungu, akiwasemesha Wayao kwa Kiyao, mpaka Nakaam mwenyewe akabatizwa. Mwaka 1897 alirudi Unguja.

Mtoto aliyetolewa kwa Wayao kama bidhaa alirudi kwa Wayao kama mwalimu.

Shule ya Kiungani iliendelea mpaka miaka ya 1920. Ndipo ilipohamishiwa Minaki, bara ya Dar es Salaam, na vijana wengi wa Tanganyika walisoma huko. Nacho Kiunguja, lugha ambayo Steere aliifuata, kilichaguliwa katika miaka ya 1920 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha shuleni.

10. Tujifunze nini?

Ndugu msomaji, si lazima tusifu kila jambo. Watoto wa Kiungani walipewa majina ya kigeni kama John na Cecil. Walifundishwa dini na desturi za watu waliowalea, wala hawakuulizwa kama wanazitaka. Wengi hawakuwaona wazazi wao tena. Makao ya watoto, hata yakiwa mema namna gani, hayawezi kumrudishia mtoto mama yake. Tena miaka michache baada ya Steere kufa, mataifa ya Ulaya yaligawana nchi zetu na kututawala.

Lakini tukumbuke pia mambo mawili. La kwanza, Steere hakuridhika na kumfungua mtoto kamba. Alimpa mtoto yule kazi ya mikono, lugha ya kusema na watu wengi, na kalamu. Alipokua, alimtafutia ardhi ili ajitegemee. La pili, watoto wenyewe ndio waliofanya kazi kubwa. Walioibwa walikuwa wapiga chapa, maseremala, wakulima na walimu.

Katika kijiji chako huenda yuko mtoto aliyefiwa na wazazi. Hakuna jahazi linalomngoja Kilwa siku hizi. Lakini bado anahitaji mambo yale yale: mahali pa kulala, mtu wa kumwita mwanangu, na nafasi darasani. Yatima halelewi na kanisa peke yake, wala na serikali peke yake. Hulelewa na majirani.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini watoto walioachwa huru hawakuweza kurudi kwao peke yao?
2. Kwa nini Steere aliamua kuwafundisha watoto kwa Kiswahili?
3. Watoto wa Kiungani walijifunza kazi gani?
4. Watu walioshuka Lindi mwaka 1876 walianzisha kijiji wapi? Waliwezaje kukijenga?
5. Katika kijiji chenu, yatima hutunzwa na nani? Kisomo chenu kinaweza kuwasaidia namna gani?